Haijafa, Imekunjuka

Jani linalochumwa Boito asubuhi linaweza kuwa chai nyeusi au chai ya kijani. Kichaka ni kilekile. Kinachoamua ni joto linaingia lini.

Ndani ya jani mna kimeng'enya, ile enzaimu tuliyokariri shuleni. Kiwandani, jani likishanyaushwa na kusagwa, enzaimu hiyo inakutana na polifenoli na oksijeni, na ukijani unageuka kahawia. Halafu hewa moto ya kikaushio inaizima. Ukitaka chai ya kijani, unatanguliza mvuke, kazi isianze kabisa.

Lakini joto halikati mnyororo wa asidi amino. Linaukunjua tu. Ile mikunjo iliyoishika polifenoli inapotea, na umbo likienda, kazi imeenda. Mwanafunzi akiandika kwamba enzaimu "imekufa" anakatwa maksi: kisichokuwa hai hakifi.

Ajabu ni kwamba kwa watu hatuko makini hivyo. Mei 2023, huko Kericho, waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai wakisema zinawanyima ajira. Mashine moja hufanya kazi ya watu wengi, na hesabu ya gharama inaeleweka. Ila mikono iliyojua majani mawili na chipukizi haijasahau chochote. Kilichobadilika ni mazingira yake. Na sisi huku mjini, swali la kwanza ni "siku hizi unafanya nini?" Ukikosa jibu, unaonekana umeisha.

Enzaimu tunaitambua kwa kazi yake, basi. Mchuma chai ni mama wa mtu, ni jirani, ni sauti ya pili kwenye kwaya. Kazi ikiondoka, hayo yote bado yapo. Njaa pia ipo, kwa hivyo kumwambia tu "wewe ni zaidi ya kazi yako" ni maneno matamu yasiyolipa karo.

Christian Anfinsen, aliyepata Nobel mwaka 1972, alionyesha kwamba enzaimu iitwayo ribonuklezi, ikikunjuliwa kwa kemikali, hujikunja tena yenyewe kemikali hizo zikiondolewa, na kazi inarudi. Si zote zinaweza. Yai lililochemka halirudi ubichi. Lakini pale inapowezekana, molekuli haifundishwi upya wala kuhubiriwa bidii. Inarudishiwa mazingira.

Basi anayeleta mashine shambani asiulizwe tu itachuma kilo ngapi. Aulizwe pia: aliyekunjuliwa atajikunjia wapi tena, na nani atapunguza moto?