Nyuzi Zisizo na Hatia

Gitaa la umeme linapokwaruza, sikio hukosea mahali. Unabonyeza uzi kwenye freti ya tano, sauti inatoka na mzizimo kama wa nyuki aliyenaswa ndani ya kopo, na yeyote aliye karibu atakuonyesha freti ya tano. Lakini uzi uliobonyezwa pale hutetemeka kuanzia hapo kwenda mbele, hadi kwenye daraja la gitaa. Kinachougusa kiko mbele ya kidole, mara nyingi freti ya sita iliyoinuka kwa sehemu ndogo ya milimita. Sasa bonyeza freti ya sita yenyewe: inaimba safi kabisa. Yenye kosa haisikiki, na lawama inamwangukia jirani yake.

Huwa ninarekebisha magitaa ya marafiki, na jambo hili limenipa swali ambalo halikomi kwenye meza ya ufundi. Kosa likiwa mahali pamoja, nani abebe gharama ya kulinyamazisha?

Dawa nyepesi inajulikana. Unachukua bisibisi, unainua nyuzi kwenye daraja, mkwaruzo unakwisha. Ni kazi ya dakika chache na mwenye gitaa ataondoka akitabasamu. Ila sasa kila noti, hata zile ambazo hazikuwa na tatizo lolote, inadai nguvu zaidi. Uzi unaoshuka umbali mrefu hadi kwenye freti hunyooshwa zaidi, kwa hiyo sauti hupanda juu kidogo ya ilivyotakiwa. Vidole vinauma mapema. Baada ya wiki kadhaa mwenye gitaa anapiga muda mfupi kuliko zamani, na pengine anadhani ni uvivu wake.

Waliosoma shule za bweni wanaijua dawa hii kwa jina jingine. Mtu mmoja anapiga mluzi baada ya taa kuzimwa, hajitaji, na Jumamosi bweni zima linafyeka nyasi. Nilifyeka nyasi hizo. Aliyetuadhibu alikuwa na methali mkononi: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Na ni kweli kwamba usiku uliofuata hakukuwa na mluzi.

Siidharau hoja yake. Alikuwa mtu mmoja, sisi tulikuwa wengi, na ukimya aliupata. Lakini methali ile inawahusu samaki kwa sababu uozo husambaa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake. Freti iliyoinuka haiambukizi freti nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuwaadhibu wote, lazima mtu aulize kama tatizo lenyewe ni la kusambaa au ni la mahali pamoja. Swali hilo haliwezi kujibiwa na methali. Linajibiwa kwa kuchunguza.

Na uchunguzi huanza na swali ambalo wengi hulivuka: je, kuna kosa? Gitaa la umeme husikilizwa kupitia amplifaya. Mikwaruzo mingi midogo inayokera ukiwa umeliinamia chumbani haifiki kabisa kwenye spika. Tena, mzizimo si uchafu kila mahali. Wapigaji wa mbira wa Zimbabwe hufunga makombe au vizibo vya chupa kwenye ala zao makusudi ili zizizime. Anayeleta sikio lililofunzwa kwingine angevibandua vizibo vile kwa nia njema, akaharibu ala.

Kama kosa lipo, mpangilio wa mkwaruzo huonyesha njia. Ukisikika uzi unapopigwa wazi tu, bila kubonyezwa, shuku vijia vya nyuzi karibu na kichwa cha gitaa. Huenda kimoja kimechimbika mno. Ukiwa katika freti za mwanzo kwa nyuzi zote, tazama shingo. Shingo nzuri haijanyooka kama rula. Ina mbonyeo mdogo sana ili uzi upate nafasi ya kutetemeka. Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili: uwazi karibu na freti ya saba huwa kama milimita 0.25. Pasipo na uwazi, huenda mtu alibadilisha nyuzi nene kwa nyembamba. Nyuzi nyembamba huvuta kidogo, ile fimbo ya chuma ndani ya shingo ikashinda, shingo ikanyooka. Hapa hakuna mkosaji. Ni mizani tu iliyobadilika, na robo mzunguko wa spana inaweza kutosha.

Ukibaki mkwaruzo wa mahali pamoja, chukua kipande kifupi cha chuma kilichonyooka, ukilaze juu ya freti tatu. Kikicheza kama meza yenye mguu mfupi, freti ya kati imeinuka. Wengi hukimbilia tupa. Mimi huibonyeza freti kwanza, kwa sababu mara nyingine imechomoka kidogo tu kutoka kwenye mfereji wake na inataka kurudishwa kwa nyundo nyepesi. Nati iliyokazwa hulegezwa, daraja lililoinuliwa hushushwa, lakini chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Anayeanza na adhabu isiyofutika amejinyima nafasi ya kugundua kwamba alimdhania vibaya.

Yapo magitaa ambayo freti zake zimelika kwa miaka, hii juu, ile chini. Hapo fundi husawazisha zote, kila moja ikipoteza chuma kidogo. Mzigo unawaangukia wote, na ni haki, kwa kuwa uchakavu ni wa wote na umepimwa. Kuna pia usiku wa onyesho, saa moja imebaki: nitainua nyuzi bila kusita. Ila nitamwambia mwenye gitaa kwamba hiyo si tiba, na kwamba alirudishe Jumatatu. Kinachonisumbua ni kuinua nyuzi, kuita kazi imekwisha, na kumwacha mtu aamini kwamba gitaa huwa gumu hivyo.

Kuisaka freti moja hunichukua saa nzima. Kuinua daraja hunichukua dakika chache. Tofauti ya muda huo haipotei. Inahamia kwenye vidole vya mpigaji, ambaye ataulipa kidogo kidogo kila siku, wala haitakuja kuandikwa popote kama deni langu. Nadhani ndivyo adhabu za jumla zinavyopata sifa ya kuwa rahisi, bwenini, ofisini, hata nyumbani. Ni rahisi kwa anayeshika bisibisi. Kwa hiyo ninapoona mtu mwenye mamlaka amepata ukimya upesi, siulizi tena kama kelele imekwisha. Nauliza nani sasa anabonyeza kwa nguvu zaidi.