Sikio la Bibi Kizee

Mwaka 1996 kampuni ya Marekani, Wizards of the Coast, ilitoa toleo la karata za Magic: The Gathering liitwalo Mirage, lenye nchi ya kubuni iliyochorwa kwa sura ya Afrika. Humo limo dude lenye mwili wa simba na mabawa, Ekundu Griffin, na mkuu wa jamii yake anaitwa Zuberi. Mwanafunzi wa Kahama, Shinyanga, angeuliza kwanza hiyo "ekundu" ni ya ngeli gani.

Miaka hiyohiyo kampuni ilikuwa imeacha kuchapa karata za mashetani, kwa kuchelea lawama za wazazi Wakristo. Yalirudi mwaka 2002. Saudia nayo ilipiga marufuku karata za Pokémon mwaka 2001. Je, kiumbe cha kubuni kinaweza kumharibu binadamu?

Wasukuma wanalo zimwi lao, Shing'weng'we. Lilimeza watu wote na mifugo yao, akanusurika mjamzito mmoja aliyejificha kwenye pumba. Akamzaa Masala Kulangwa. Kijana alipopata habari za jamaa zake, akatoka kuwinda. Akaleta panzi: ndiye huyu? Mama akasema siye. Akaleta ndege, kisha paa. Siye. Mwishowe akalikuta zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua, watu wakatoka wazima.

Wahubiri wa Kikatoliki wamemfananisha kijana huyo na Yesu, na ulinganisho unakaa vizuri. Ila anayeikomesha hadithi tumboni mwa zimwi ameacha kipande kigumu kuliko vyote: kisu kilipopita kilikata sikio la bibi kizee. Bibi akawaka hasira, akataka kumroga aliyemwokoa. Masala hakumrudia na kisu. Alitafuta dawa, akamponya, na watu wakamfanya mtemi.

Mkoani Shinyanga, kwa Wasukuma haohao, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kama wachawi, kwa "kosa" la kuwa na macho mekundu, wekundu unaoletwa na moshi wa kuni na mavi makavu ya ng'ombe jikoni. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wilayani Bukombe, iliyokuwa Shinyanga wakati ule na sasa ni Geita. Viungo vya watu kama yeye vilisakwa kwa imani kwamba huleta utajiri, imani iliyofika hadi machimboni.

Wauaji hao hawakufundishwa na karata. Shetani wa karata ana kipimo: nguvu zake zimeandikwa kwa tarakimu pembeni, kila aliye mezani anazisoma, na akishindwa anatupwa kwenye rundo la wafu. Shing'weng'we naye ana mwili wake mwenyewe. Uchawi anaosingiziwa kikongwe hauna mwili wala tarakimu, hivyo huazimiwa mwili wa jirani. Wazazi wale wa Marekani, kwa hofu yao yote, walimkagua shetani asiye na madhara.

Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Anayekwenda kwao hubeba swali lilelile la kijana mwenye panzi mkononi, na amelipia jibu la "ndiye". Mama yake Masala, ambaye zimwi lilikuwa limemmalizia ukoo mzima, alisema siye, akasema tena siye, na mwanawe akarudi porini.