Taja Ada Kabla ya Kumpokea Mtoto

Anayeona haya kutaja ada ya kulea mtoto wa jirani ataona haya zaidi siku ya kuidai. Mbinga fedha hufuata kahawa, na kule Mbamba Bay na Liuli hufuata samaki wadogo aina ya usipa, wanaovuliwa kwa taa usiku wa giza na kuadimika kwenye mbalamwezi. Kwa hiyo mchuuzi wa samaki alipe kwa wiki, mkulima atangulize kidogo na kumalizia akishauza, ilimradi tarehe ijulikane. Halafu yale madogo, ambayo kwa kweli ndiyo huvunja ujirani: uji unatoka kwa nani, mtoto akiugua siku ile inalipwa au hailipwi, na kuchelewa kumchukua kunaanza saa ngapi. Sheria ya Mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini ukurasa mmoja wa daftari wenye sahihi mbili hupunguza mabishano. Na ukitaka kugeuza sebule kuwa kituo, pita kwanza kwa afisa ustawi wa jamii, maana Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe.