"Mama, Mwachie Mungu": Ni Imani au Ni Kukimbia?



Leo nataka kuwaeleza kosa langu. Kwenye kitubio nilishalipeleka, ila naona na ninyi linawahusu, maana wengi wetu tunalifanya tukidhani tunafariji watu.

Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Jumamosi moja asubuhi, baada ya rozari, mama mmoja mjane alitoa nia yake. Mume wake alifariki, matanga yakaanuliwa, kisha ndugu wa mume wakaligawa shamba la kahawa. Shamba hilo mama huyo alilipanda pamoja na marehemu, shimo kwa shimo. Akatuuliza, "Jamani, nifanye nini?" Kimya. Mimi, kwa kuwa ndiye msomi wa jumuiya, nikajibu haraka, "Mama, mwachie Mungu. Mungu wa wajane hajalala." Watu wote wakaitikia, "Amina!" Tukaimba, tukaenda zetu nyumbani kunywa chai.

Msimu wa kuvuna ulipofika nikamkuta shambani. Alikuwa anachuma kahawa kwenye mibuni aliyoipanda mwenyewe, analipwa kwa debe kama kibarua. Aliniamkua kwa upole tu, "Hujambo, mwanangu?" Nilishindwa hata kumjibu vizuri. Ile "amina" yetu ilinirudia masikioni.

Tangu siku hiyo ninajiuliza: mtu akidhulumiwa, je, kumwambia amwachie Mungu ni imani, au sisi ndio tunamkimbia na kumsingizia Mungu?

Tuwe wakweli, hoja za kukaa kimya zimo hata kwenye Maandiko. Mtakatifu Paulo anawakemea Wakorinto kwa kushtakiana mbele ya wasioamini (1 Kor 6). Bwana Yesu anasema anayetaka kuchukua kanzu yako mwachie na joho (Mt 5:40). Kwa hiyo anayesema "mahakamani si mahali pa Mkristo" hajatunga tu.

Lakini tusome taratibu. Paulo huyohuyo, alipopigwa viboko Filipi bila kuhukumiwa, asubuhi yake alikataa kutolewa gerezani kimyakimya. Alitaka wakubwa waje wenyewe kumtoa, maana yeye ni raia wa Roma (Mdo 16). Na mbele ya Festo alikata rufaa kwa Kaisari (Mdo 25). Kwa hiyo Paulo hakuichukia sheria. Aliwakemea ndugu waliokuwa wanadhulumiana, na aliuliza kama kweli kati yao hakuna hata mmoja mwenye busara wa kuwaamua. Swali hilo linatugusa sisi wanajumuiya. Kama tungemwamulia yule mama kwa haki, asingehitaji hakimu. Hatukufanya hivyo, tuliimba tu.

Na kuhusu joho: ni langu, naweza kulitoa. La mwenzangu siwezi kulitoa kwa niaba yake nikajiita mpole. Mjane akiamua mwenyewe kusamehe deni, huo ni utakatifu wake. Mimi nikimsamehesha kwa nguvu wakati watoto wake wanalala njaa, nimejichukulia fadhila kwa mali isiyo yangu. Halafu kusamehe si lazima kuacha haki. Naweza kumsamehe aliyeniibia, nikaendelea kumdai alichoiba.

Tena Bwana Yesu alipotaka kutufundisha kusali bila kuchoka, alimtumia mjane aliye mahakamani (Lk 18). Mama yule alikuwa na hakimu asiyemcha Mungu wala kujali watu, lakini aliendelea kumwendea hadi akampa haki yake. Katika mfano ule hakuna anayemwambia abaki nyumbani. Sala yetu imefananishwa na hatua za mjane kwenye njia ya mahakamani, basi tunawezaje kuidharau njia hiyo?

Najua kuna atakayesema, "Acha hizo, mahakama ni za wenye hela." Ndugu yangu, sikukatalii moja kwa moja. Biblia inaijua habari hiyo kuliko sisi. Soma tena 1 Wafalme 21. Naboti hakuporwa shamba la mizabibu na wahuni usiku. Zilipelekwa barua zenye muhuri wa mfalme, wazee wa mji wakakutana, mashahidi wawili wakasimama, hukumu ikatolewa. Utaratibu ulifuatwa, na bado ulikuwa wizi na mauaji. Sheria ilikuwepo, ila ilikuwa chini ya Ahabu na Yezebeli.

Ndiyo maana Kanisa likizungumzia utawala wa sheria halimaanishi kuwa na makaratasi na mihuri tu. Katekisimu, namba 1904, ikifuata mafundisho ya Mtakatifu Yohane Paulo II, inafundisha kwamba sheria ndiyo iwe juu, isiwe matakwa ya watu fulani, na kwamba mamlaka moja idhibitiwe na nyingine. Kwa lugha yetu ya kijiweni: sheria imfunge Ahabu kama inavyomfunga Naboti.

Sasa haya yana uhusiano gani na maendeleo? Mwezi Septemba 2015 nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana malengo 17 ya maendeleo endelevu ya kufikia mwaka 2030. Humo kuna maji, afya, elimu, chakula. Lengo la 16 linahusu amani, haki kwa wote na taasisi imara. Zamani nilidhani hilo limeongezwa kupamba orodha. Shamba la kahawa limenifundisha. Mbuni huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa vizuri. Nani atapanda mti wa kungoja miaka mitatu kama hajui mwakani shamba litakuwa la nani? Atapanda cha kuvuna haraka, udongo utachoka, na umaskini utabaki palepale. Kijana wa yule mama alikuwa chuo cha ufundi, akarudi nyumbani kwa kukosa ada. Hakuna ukame uliompata wala bei ya kahawa haikuanguka. Ilikosekana haki tu.

Na si yeye peke yake. Kuna kesi ya wajane wawili wa Shinyanga, wote mafundi cherehani, waliofukuzwa na ndugu wa waume zao pamoja na watoto. Kanuni za sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinamnyima mjane sehemu ya urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba mila hizo zinabagua wanawake, lakini ikakataa kuzifuta. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa kasoro ya tarehe kwenye hati, kosa ambalo hata halikuwa lao. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ilitamka kwamba haki zao zilivunjwa. Hebu fikiria, miaka yote hiyo watoto wanakua! Na wakati huohuo nchi ilikuwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayosema mwanamke ana haki sawa na mwanamume kupata na kumiliki ardhi. Kuwa na sheria nzuri kabatini na kuipata haki mkononi ni mambo mawili tofauti.

Hapo namkumbuka Yetro, mkwe wa Musa (Kut 18). Alimkuta Musa ameketi peke yake akiamua kesi, watu wamesimama foleni toka asubuhi mpaka jioni. Akamwambia kwamba anachofanya si kizuri, atajichosha yeye na watu wake. Akamshauri achague watu wanaomcha Mungu na kuchukia rushwa, awaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi. Maana yake haki isogee karibu na hema la mtu. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, na ni lazima itangazwe. Kama mtu hawezi kuielewa, imetangazwa kwa nani? Kwa hiyo niliona ni jambo jema sana pale mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa hapa Tanzania ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Na tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayowatambua wasaidizi wa kisheria wanaowasaidia wasio na uwezo. Mimi sikujua. Ningejua, nisingemjibu yule mama vile.

Nilimrudia, nikamwomba msamaha, tukaenda wote kumtafuta msaidizi wa kisheria. Tulipoomba kuona muhtasari wa kikao cha ukoo, nikautambua mwandiko. Uliandikwa na kijana mwenzetu wa kwaya. Ndani imeandikwa kwamba mjane alikuwepo na akakubali mgawanyo. Hakuwepo. Nilipomuuliza, rafiki yangu alisema, "Mimi niliandika tu walichoniambia wazee."

Vijana, tusimcheke. Huko vijijini ni sisi tunaoitwa kuandika, kwa sababu tumesoma. Amri ya nane inatutafuta sisi wenye kalamu. Wazee wale wa mji wa Naboti nao wangeweza kusema walifuata tu barua. Na Kanisa linafundisha kwamba dhambi dhidi ya ukweli inadai malipizi, hata kama umeshasamehewa. Rafiki yangu alihangaika wiki mbili, akaogopa kutengwa na ukoo, mwishowe akakubali kwenda Mahakama ya Mwanzo kusema ukweli. Baba zake wadogo hawamsalimii mpaka leo.

Kesi bado inaendelea, siwezi kuwaambia mama ameshinda. Nauli ya kwenda na kurudi tunachangishana jumuiya nzima, na kila siku ya kesi mmoja wetu anamsindikiza. Siku hizi tukisema "mwachie Mungu" tunamaanisha matokeo, yale yaliyo nje ya uwezo wetu. Miguu ya kumsindikiza Mungu ametupa sisi.

Wiki hii jiulize maswali matatu. Je, kuna mjane au yatima kwenye jumuiya yako uliyemjibu kwa "amina" tu? Je, unamjua msaidizi wa kisheria wa eneo lako? Na ukiitwa kuandika au kusaini kitu usichokishuhudia, utasemaje?

Tusali: Ee Bwana, uliyesimama mbele ya Pilato ukahukumiwa bila kosa, utupe ulimi wa kusema kweli na ujasiri wa kusimama na wanaodhulumiwa. Utusamehe kila tulipotumia jina lako kukwepa jirani yetu. Mtakatifu Thomas More, utuombee. Amina.