Futari ya Bufee Mkolani

Kufuturu hotelini Mkolani, jijini Mwanza, huanza na saa. Mwanza iko magharibi mwa Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi 6 za longitudo, hivyo jua huzama huku takriban dakika 25 baadaye. Anayefungua kwa adhana ya redio ya Dar amekula mchana.

Magharibi ikiadhiniwa, tende na maji hutangulia, kisha swala. Ndipo watu huifuata meza ya bufee: uji wa pilipili manga, magimbi na mihogo ya nazi, kaimati, na sato, maana ziwa li jirani. Afadhali kuanza na uji. Tumbo limekaa tupu saa 13 na ushei, ila macho hayajui hilo. Isha na tarawehe hufuata baada ya saa moja hivi.