Eli Alikemea, Akaishia Hapo

Mpendwa, wakati wa mavuno ya pamba mazoezi ya kwaya hapa Bariadi huanza jua limeshazama. Mchana watu wako shambani, au wako AMCOS, chama cha ushirika, wakisubiri zamu ya mzani. Wanakwaya wanaingia mmoja mmoja, wengine nyuzi nyeupe za pamba bado zimenata kwenye vitenge, kinanda kinawashwa, na mpaka sauti ya tatu ikae sawa ni saa tatu usiku. Hapo kuna binti wa kidato cha pili anayekaa upande wa Nyakabindi. Hawezi kutembea peke yake. Mwalimu wa kwaya ana pikipiki, anampakia, nasi tuliobaki tunasema Mungu ambariki mwalimu.

Mara nyingi anastahili baraka hiyo. Binti anafika kwao salama na mama yake anashukuru. Sitaki usome mistari hii kisha uanze kumtazama kila mtumishi kwa jicho la shaka. Naomba tu tutulie kidogo na swali hili: usalama wa yule binti usiku ule umetegemea nini? Umetegemea wema wa mtu mmoja. Siku wema huo ukipungua, sisi tuliobaki kanisani tumeweka nini?

Fungua 1 Samweli sura ya 2. Hofni na Finehasi, makuhani, wana wa kuhani Eli, walikuwa wakilala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema ya kukutania. Hao wanawake walikuwa wahudumu, kama mama zetu wanaofagia kanisa Jumamosi. Habari hii hatuihubiri sana, nadhani kwa sababu wakosaji ni makuhani na mahali penyewe ni patakatifu. Eli aliambiwa. Wala hakunyamaza: aliwaita wanawe, akawakemea kwa maneno ya baba. Kisha kukakucha, na vijana wakaendelea na ukuhani wao mlangoni palepale. Na wale wanawake? Hatusomi kwamba kuna aliyekwenda kuwajulia hali.

Tunafanana na Eli mara ngapi? Jambo linaletwa kwa wazee, mlango wa ofisi unafungwa, mkosaji analia, tunaomba, tunakumbushana saba mara sabini. Pengine familia inatulizwa kwa ng'ombe, inasemwa yameisha kindugu, na mtumishi anahamishiwa mtaa mwingine wasikomjua. Binti anaacha kwaya. Miezi michache baadaye tunaulizana mbona siku hizi haonekani.

Mpendwa, msamaha ni wa thamani mno kwetu, ndiyo maana hatupaswi kuutoa kwa niaba ya mwingine. Aliyeumizwa ndiye atakayesamehe, kwa wakati wake, na kamati ya wazee haina saini ya kumwekea. Hata akisamehe, mkosaji hajarudishiwa funguo za ofisi. Anaweza kuketi kwenye benchi, akalisikia Neno na kulia toba yake, bila kukabidhiwa tena watoto wa shule ya Jumapili.

Serikali iliona jambo hili mapema kuliko wengi wetu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, kiongozi wa dini anayetumia nafasi yake kubaka. Ametajwa waziwazi, karibu na mganga wa kienyeji. Kifungu cha 138D kinagusa hata maneno na vitendo vya kumsumbua mtu kingono, kazini au mahali pengine, na mwenye mamlaka amekumbukwa humo. Kwa hiyo yale maneno ya mzee kuhusu umbo la binti anapopita na daftari la nyimbo, yale tunayoyapitisha kama utani, yana jina kisheria. Sisi Wasukuma tunaujua utani. Mtani hukujibu, tena kwa sauti. Huyu binti anainamisha kichwa.

Hata ndani ya makanisa miongozo ipo. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliagiza kila jimbo Katoliki duniani liwe na njia ya wazi ya kupokea taarifa, na makanisa mengine nayo yameandika ya kwao. Lakini karatasi iliyofungiwa kabatini haimsaidii mtoto wa jirani zetu wa Itilima. Inatakiwa isomwe, ielezwe kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, mbele ya walimu wa kwaya, mashemasi, vijana na bibi zetu. Mafunzo hayo yasiogope maswali ya aibu. Mzee akiuliza kama kumkumbatia mtoto wake wa kiroho nako ni kosa, asichekwe. Ajibiwe kwa upole kwamba aanze kwa kutazama kama mtoto mwenyewe anataka kukumbatiwa.

Mengine ni ya kawaida kabisa. Mazoezi yaishe mapema, au mfuko wa kwaya utenge nauli ya bodaboda ili mabinti wawili waondoke pamoja na mama mmoja. Ushauri wa kichungaji ufanyike mahali mtu mwingine anawaona, hata kama hasikii. Aliyebakwa apelekwe hospitali kabla ya kikao chochote, na taarifa ifike Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Simu ya 116 nayo inapokea habari za watoto. Kuita polisi si kulisaliti kanisa. Eli alikuwa na uwezo wa kuwaondoa wanawe zamu siku ileile; alichoogopa sijui.

Baraza likikaa wiki hii, lichague watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja awe mama, na wasiwe ndugu wa mchungaji. Ila kabla ya kuandika majina, waulizeni mabinti wa kwaya: kati yetu, nani mngeweza kumwambia? Wakinyamaza, msiharakishe kulijaza jina wenyewe.