Kumchukia aliyebebwa: kipoi, tukutuku na gari la umeme

Mwaka wa 2025, katika darasa la mwaka wa sita, mwanafunzi mmoja alituonyesha picha kwenye simu yake: gari la umeme la Tesla likiungua kule Marekani. Miezi ile watu wengi wa Marekani na Ulaya walikuwa na hasira juu ya Elon Musk, mkubwa wa kampuni ile, kwa sababu ya kazi aliyoifanya katika serikali ya Trump. Wengi waliandamana kwa amani mbele ya maduka yake, lakini wengine walichoma magari, wakakwaruza milango, wakawatukana madereva barabarani. Darasa lilicheka. Kijana mmoja akasema: "Mwalimu, wacha ziungue! Zile gari njo zinakula kobalti yetu ya Kolwezi." Wenzake wakapiga makofi.

Siku ile hatukuwa na jibu la haraka. Tangu hapo swali linatufuata: je, ni haki kumchukia mtu kwa sababu ya kitu kinachombeba?

Tusiseme kwamba hilo ni jambo la Wazungu tu. Huku Kasongo gari la umeme hatujaliona, na umeme wenyewe wengi wetu tunaupata kwa mapano ya jua juu ya nyumba. Lakini chuki ya namna ile tunaijua vizuri. Tukutuku ikigonga mbuzi karibu na soko, dakika tano hazijapita, watu wamekwisha kumzunguka kijana: "Hawa wamotari wote ni wauaji! Tuichome!" Tumeona kwa macho yetu kijana akipigwa hivyo. Baadaye ikajulikana kwamba mbuzi alikatiza barabara mbio, na tukutuku si yake: kila jioni anampelekea mwenye tukutuku makuta, na kinachobaki ndicho anachokula. Waliompiga walikuwa na hasira ya kweli juu ya mwendo mbaya wa wamotari. Shida ni kwamba waliiweka hasira ile pale ilipokuwa rahisi kuiweka.

Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, tuliona kubwa kuliko hilo. Mgodi wa Namoya ulianza kutoa dhahabu kwa biashara mwaka wa 2016. Wachimbaji wa mkono waliondolewa mahali walipokuwa wakipata chakula chao, na malalamiko yao hayakuwa ya uongo. Lakini pale watu wasiposikilizana, bunduki huingia. Mwaka wa 2019 watu wenye silaha waliushambulia mgodi, wakateka wafanyakazi, Wakongomani pamoja na wageni, na mwaka uleule kazi zikasimama. Walioumia ni wenye mshahara mdogo. Wenye hisa walikuwa mbali.

Sasa turudi kwa babu zetu. Wakati wa Bula Matari walibeba wakubwa kwa kipoi. Aliyekaa juu alijua ni mabega ya nani yanamwinua, aliwasikia watu wakihema chini yake. Akinyamaza, amekubali. Wabebaji walipomchukia, nani leo atawalaumu?

Gari la umeme ni kipoi cha namna nyingine: miti yake ni mirefu mno. Aliyebebwa yuko Oslo ao California, bega liko Kolwezi, na katikati kuna wachuuzi, viwanda na meli. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka katika nchi yetu. Mwaka wa 2016 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika mashimo yale. Mwaka wa 2019 jamaa za watoto waliokufa na walioumia walizishitaki mbele ya korti ya Washington kampuni tano kubwa, Tesla na Apple zikiwemo. Mwaka wa 2024 korti ya rufaa ikakataa kesi hiyo, ikisema kwamba kununua tu madini yaliyopita katika mikono mingi si sawa na kushirikiana na wale wanaowatumikisha. Basi sheria imesema yake. Lakini dhamiri je?

Hapo ndipo kijana wetu anapokuwa na haki nusu. Nusu nyingine imo mfukoni mwake. Betri ya simu aliyotuonyeshea picha, mara nyingi nayo ina kobalti. Kasiteriti ya Maniema yetu inayeyushwa kuwa bati la kuunganishia vipande ndani ya simu, redio na magari yenyewe. Na zaidi: magari mengi ya umeme ya siku hizi, hasa ya China, yana betri isiyo na kobalti hata kidogo. Kwa hiyo mwenye kurusha jiwe anaweza kumpiga asiyebebwa na Kolwezi, naye mwenyewe amekaa juu ya kipoi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Msomaji atatuuliza: "Basi walimu mnatetea matajiri?" Hapana. Hatusemi watu waache hasira. Mtu asiyekasirika akiona mtoto shimoni, huyo ana ugonjwa wa moyo. Tunasema hasira ipelekwe kwenye baraza, kama wazee walivyotufundisha: mshitakiwa asikilizwe, na maswali matatu yaulizwe. Nani alitenda? Nani alimtuma? Nani alikula? Dereva wa Oslo naye ana deni, deni la kuuliza: hiki kinachonibeba kimetoka kwa nani, na amelipwa nini? Akikataa kuuliza, hapo kosa linakuwa lake.

Maswali yale tujiulize na sisi. Mwezi wa pili 2025 serikali yetu ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, na tangu mwezi wa kumi ikaweka kipimo kwa kila kampuni. Maana yake, bei inaweza kubishaniwa kutoka huku pia. Lakini nani alikula? Je, mchimbaji wa mkono amepata kitu? Hilo si la kumuuliza mtu wa California. Ni la kuulizana sisi kwa sisi, na huenda ndiyo sababu tunapenda kutazama magari ya wengine yakiungua: haituombi kitu.

Jirani yetu wa kusini, Manono, ana litiamu nyingi, na kampuni zimegombana juu yake kwa miaka. Kipoi kipya kinatengenezwa karibu na mlango wetu. Wanafunzi wetu, wengine watakuwa wabebaji, wengine watapanda. Wakijua kuuliza maswali yale matatu kabla ya kuokota jiwe, tutakuwa tumewafundisha kitu. Hasira hasara, walisema wazee. Nasi tunaongeza: hasa ikikosea nyumba.